Gauni la Wifi

Wifi yake aliporudia kukimbia asubuhi, eti na soda haigusi tena, fundi cherehani alicheka: wiki haimalizi huyo! Lakini akaja na gauni linampwaya, anataka libanwe kiunoni. Roho ikamuuma fundi, maana mazoezi waliyaacha pamoja. Akalibana kupita kipimo makusudi, ili mwenzake ajione amenenepa, akate tamaa.

Wifi alipolivaa, zipu ikagoma. Akaongeza mbio na mboga.

Baadaye alirudi nalo mwilini, limemkaa barabara, na mfuko mkubwa mkononi.

“Asante wifi yangu, gauni lako lilinitia adabu. Haya ya zamani chukua wewe, yatakutosha.”

Alipoondoka, fundi alifunga mlango, akajaribu lile pana kuliko yote. Zipu ikagoma.