Marashi ya Bi Tazim

Hakuna gofu ndani ya Dar es Salaam nisilolijua. Kama lina ukuta uliomeguka na mti umeota ndani, mie nimeshalikanyaga, nimeshapiga nalo picha, na historia yake ninayo kichwani. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Mzee Taiyeb dukani kwake Keko, mbele ya binti yake Rubab, siku mjomba Ansbert aliponituma vitasa vya kabati.

Nilikuwa nachangamsha genge tu. Sikujua mzee ana safari. Jumatano alikuwa anahamia Kanada kwa mwanawe, na kwa umri ule, na macho yale yaliyoingia ukungu, habari za kurudi zilikuwa maneno ya kumfariji. Kabla ya kuondoka alitaka kitu kimoja: kufika kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi, yale yenye nguzo zilizopachikwa mabakuli ya Kichina. Ujanani yeye na marehemu mkewe, Bi Tazim, walikuwaga wanaenda huko Jumapili. Bi Tazim hakuwa na ndugu aliyelala pale, lakini hakuondoka bila kunyunyiza marashi ya waridi juu ya kaburi mojawapo. Alisema wale watu wamekosa wa kuwatembelea. Chupa yake ya mwisho mzee alikuwa ameitunza, imebaki kidogo chini.

Rubab hakuijua njia, na mzee aliijua ile ya zamani, kabla mashamba hayajageuka mageti. Basi wakanichukua mie, mtaalamu.

Jumapili tukatoka na kigari cha Rubab. Njia nzima niliwapa historia. Tangi la maji lenye kutu nikasema Wajerumani walifichaga baruti humo. Kidaraja fulani nikawagawia Wareno. Rubab akauliza kama Wareno walikuwa na nondo. Nikamwambia, dada, wale jamaa walikuwa mbele sana. Mzee alicheka kimyakimya, chupa ameishika mapajani kwa mikono miwili kama kifaranga.

Tulipoiacha barabara ya Bagamoyo, ujanja ukaniisha. Kunduchi nilishawahi kufika mara moja, na siyo kwa utalii. Tukaingia uchochoro, tukakuta ukuta. Tukageuza, tukakuta ukuta mwingine. Rubab akataka kufungua ramani ya simu. Nikamwambia hiyo itatupeleka hotelini. Nyuma, mzee alikuwa ameacha kucheka. Aliuliza kwa sauti ndogo kama pamebomolewa.

Hilo swali lilinichoma. Ningeweza kusema nimepotea, likaisha. Badala yake nikaona, mbele kidogo, nyumba moja iliyoishia kwenye linta, haina paa. Mnazijua: mtu anajenga kidogo kidogo, fedha zinakata, miaka inapita, mpapai unaota sebuleni. Kuta zimeota ukungu mweusi, mitambaazi imefunika madirisha. Nikasema tumefika.

Mzee akavua viatu nje. Akaingia ameshika bega langu, akitoa salamu kwa waliolala humo. Rubab aliangalia tofali, kisha akaniangalia mie. Alipouliza mabakuli yako wapi, nikasema wezi waliyang'oa. Mzee akapapasa ukuta, akasema Tazim angesikitika.

"Kaburi alilokuwa akilinyunyizia lilikuwa upande wa baharini," akaniambia. "Nipeleke, mjukuu wangu."

Nyuma ya nyumba palikuwa na sakafu ndefu ya zege iliyoinuka, majani pembeni. Nikamfikisha hapo. Akapiga magoti taratibu, akaanza kusoma Fatiha. Masihara yote yalinitoka. Nikajiambia nitamzuia akimaliza tu kusoma. Akamaliza, akafungua kizibo, harufu ya waridi ikatoka. Nami bado sijamzuia.

"Fredi?"

Mama mmoja alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na ndoo ya maji. Nilimtambua kabla sijamaliza kugeuka: Mama Auleria, mwenye kiwanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si wewe uliyekuja kumwaga zege hapa likizo ya kidato cha tatu?" Akamtazama mzee aliyepiga magoti. "Sasa mbona unamwombesha dua mgeni wa watu juu ya karo la maji ya choo? Tena umelisakafia mwenyewe."

Rubab alikaa chini akicheka mpaka machozi. Mie nilitamani karo lifunguke.

Mzee akarudisha kizibo, akakikaza. Hata tone halikuwa limemwagika. Akamuuliza mama yale makaburi yenyewe yako wapi, naye akanyoosha mkono: mmeyapita, rudini hadi msikitini, mkono wa kulia.

"Nishike niinuke, Fredrick," mzee akasema. "Twende tukanyunyize marashi ya Tazim. Na huko, mwanahistoria, utanibebea viatu tu."