Kimya cha Mama Loveness

Kama kuna mtu machimboni pale aliyeweza kukaa bila kusema, basi huyo hakuwa Generosa, Mama Loveness. Kibanda chake cha chakula ndicho kilikuwa redio ya kijiji: nani kapata jiwe, nani kakimbiwa na mke, nani kanunua pikipiki jana na leo anatafuta wa kumuuzia. Watu walikuja kula wali, wakabaki kula habari.

Presha ndiyo iliyompeleka kwenye kimya. Hospitali walimpa vidonge, na siku aliyokwenda Kahama kununua mchele, Safiya muuza vitenge akamwongezea yoga. Safiya alijifunza Dar es Salaam kwa jirani yake Mhindi, akawa anawafundisha wanawake wenzake nyuma ya duka.

"Kaa, fumba macho, ifuate pumzi inavyoingia na inavyotoka," alimwambia. "Wazo likija usiligombeze, liache lipite. Lakini shoga, usidhani yoga ni kukunja miguu. La kwanza kabisa ni kutomdhuru mtu: kwa mkono, kwa ulimi, hata moyoni."

"Kwa ulimi?" Generosa alishtuka. "Hapo umenifungia biashara."

Wakacheka. Lakini alishika. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha jiko, alitandika gunia nyuma ya kibanda, akaelekea jua linakotokea, akafumba macho. Presha ikashuka, majirani wakaona. Na kule, mwanamke akikaa peke yake alfajiri, kafumba macho, anahema polepole kama mtu anayenong'onezwa jambo, watu hawasemi anafanya mazoezi. Wanasema ana vitu, anaoteshwa yaliyofichika.

Generosa aliyasikia, tena mapema kuliko wote. Hakuyakanusha. Yalimkuna palepale panapowasha.

Sasa, Masele alikuwa na duara, shimo refu lililokuwa likilisha vijana wengi, kisha likagoma: mawe yanatoka, dhahabu haimo. Wachimbaji hawasemi dhahabu imekwisha. Wanasema imekimbia, na kinachokimbia lazima kina anayekifukuza. Asubuhi moja Masele akaja na wenzake, wakasimama mbele ya gunia, kofia mkononi.

"Mwangaluka, mayu," alisalimu kwa Kisukuma, akimwita mama kwa heshima ambayo mpishi hajawahi kupewa. "Mama Loveness, tuonee huruma. Nani anatufungia duara?"

Angefumbua macho akasema, "Masele, ondoka hapa, sijui lolote," yangeishia hapo. Lakini Safiya alisema usiiache pumzi. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba wanaume hawa, waliozoea kumwambia "we mama, ongeza maharage," leo walisimama wakimngoja, na kungojwa kulikuwa kutamu. Akavuta pumzi, akaitoa. Akavuta tena. Mara ndoo ikaanguka njiani, kishindo, akafumbua macho.

Njiani alikuwa Philomena, mama yake Mayala, mjane wa nyumba ya ng'ambo, akiinama kuokota ndoo yake.

"Basi, mayu," Masele alisema taratibu. "Tumeona ulikotazama."

"Masele! Nimeshtuka ndoo tu!"

Walikwisha kugeuka.

Jua halijawa kali, mwano ukapigwa, ule ukelele wa kuwaita wanaume wote, na hukumu ikatoka: Philomena atengwe. Asipewe maji wala moto, asisalimiwe, asiuziwe hata chumvi, mpaka airudishe dhahabu au ahame. Atakayevunja atatengwa naye.

Generosa alimkimbilia Masele. "Nakuapia, sikuona kitu."

"Mganga wa kweli hajitangazi," Masele alimtuliza. "Tunajua unaogopa atakugeuzia uchawi. Usihofu, tupo."

Kila alivyokana, ndivyo walivyomwamini.

Mchana kibanda kilifurika. Waliozoea kula kwingine walihamia kwake, mmoja akamletea kuku. Nyumba iliyojaa ndiyo raha yake ya tangu zamani, lakini siku hiyo kila cheko lilimchoma. Akaenda nyuma, akakaa juu ya gunia, akafumba macho. Pumzi ikaingia, ikagoma. Akajaribu kuliacha wazo lipite. Halikupita. Lilisimama ng'ambo ya njia, katika ua wa Philomena, ambako hapakuwa na moshi.

Na hili nalo niliache lipite? alijiuliza.

Akainuka. Akatia makaa mekundu kwenye kigae cha chungu, akatoka nayo katikati ya wateja.

"Mama Loveness, moto unaupeleka wapi?" aliuliza Benjamini, mmoja wa vijana wa duara.

"Kwa asiye nao."

"Mama, usitufanyie hivyo! Sisi tutakula wapi?"

Alivuka njia, joto likimpiga usoni, na alipofika uani alipaza sauti kibanda kizima kisikie: "Shikamoo, Mama Mayala!"

Kibandani shingo zote zikageuka.

Philomena alikuwa amekaa kizingitini. Hakuitikia. "Umekuja kunihemea tena?"

"Nimekuja na moto."

"Ulinitazama."

"Nilishtuka. Lakini kabla ya kushtuka walinisubiri, nami nikawaacha wanisubiri. Nilipenda." Akageuka. Masele alikuwa amekwisha kufika njiani. "Masele, umesikia? Sijaoteshwa kitu mimi. Nilikuwa natamba, ila safari hii nimetamba kimya."

Masele aliyatazama makaa, kisha akamtazama yeye. Heshima ilikuwa imemtoka sautini. "Umemsalimia na umempa moto. Basi umejihukumu mwenyewe. Benjamini na wenzako, inukeni."

Wakainuka mmoja mmoja, wengine wakiacha sahani nusu. Aliyeleta kuku akarudi kumchukua kuku wake.

Jioni Philomena alisonga ugali uani kwake, kwa moto ule wa Generosa. Vicheko vilisikika kutoka kibanda kingine cha chakula, kule chini, na Generosa akajikuta kainua shingo, anataka kujua wanasema nini. Kisha akatambua kwamba wanamsema yeye.

"Kesho watatufanya nini?" aliuliza.

"Mimi ndiye nikuulize wewe, mwenye kuona." Philomena akaisukuma sahani katikati yao.

"Mama Mayala, nisamehe."

"Kula."

Generosa akanyoosha mkono, machozi yakimlenga. "Ahsante, mama. Mungu..."

"Sijasema nimesamehe," Philomena alimkatiza. "Nimesema kula."