Makopo Kumi na Mawili ya Aina Moja

Fukusi alikuwa mmoja tu, tena mdogo, lakini kwa kazi aliyoifanya ungedhani alitumwa. Alikuwa amejilaza kwenye wali, mweusi tii, na aliyemwona ni wifi. Angeonwa na mtu mwingine yeyote, angetupwa kimyakimya na maisha yakaendelea. Wifi alimtoa kwa ncha ya kijiko, akamweka ukingoni mwa sahani, akamtazama kwanza.

"Wifi yangu," alisema, "siku hizi Mama mnamlisha nyama bila kumwambia?"

Aliyeambiwa maneno hayo alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtaa mzima ulimwita Mama Sabuni, kwa sababu alipika sabuni za vipande uani kwake na kuzisambaza madukani. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuonekana siku tatu kwa mwezi, kwa hiyo ndani ya nyumba walikuwa yeye, watoto wake wawili wa shule, na mama mkwe wake. Na huyo mama mkwe ndiye aliyekuwa ameupika wali wenyewe.

Mama mkwe aliangua kicheko. "Mwanangu, mimi nimepika hospitali miaka thelathini. Fukusi waliopita mikononi mwangu ukiwapanga foleni wanafika barabarani."

Wifi hakucheka. Yeye ndiye mkubwa kwao, na alikuwa na ule ukubwa wa kuingia nyumba ya mtu na kufunua masufuria. Aliinuka akaenda stoo ya chakula, akatikisa mikebe, akachungulia, akarudi na unga kwenye kidole. Ndani ya unga kulikuwa na kitu kinatembea.

"Nakuja tena mwisho wa mwezi," alisema. "Nikikuta stoo iko hivi, Mama naondoka naye. Kwangu chumba kipo, dada wa kazi yupo. Hatashika hata mwiko."

Jamani, hilo la mwiko ndilo lililomkata maini Mama Sabuni. Alimjua Mama kuliko wanawe wa kuwazaa walivyomjua. Yeye mwenyewe aliolewa hana mama, hajui hata kuchambua mchele, na yule mwanamke akamfundisha bila kumcheka, akamkanda kwa maji ya moto alipojifungua, akamwita mwanangu tangu siku ya kwanza mpaka leo. Hakuwa na mama mwingine duniani. Na alijua kwamba ukimweka Mama kwenye nyumba asiyopika, umemzika akiwa hai.

Mama mwenyewe alishalisema hilo mara nyingi, akiwa na mwiko mkononi. "Mpishi ni ulimi. Siku ulimi wangu ukishindwa kuijua chumvi, mnifungie mizigo yangu, nitaondoka bila kusukumwa. Kabla ya hapo mtu asinitoe jikoni kwangu."

Na ulimi aliutumia kweli. Kwenye jiko la hospitali chumvi ilikuwa ikiletwa leo hii, kesho ile, moja kali, nyingine imepoa, na wagonjwa wanasubiri. Basi Mama akajiwekea utaratibu: kabla chumvi haijaingia chunguni, achovye kidole, aiweke ulimini, aisikilize, ndipo ajue atie kiasi gani. Miaka thelathini hivyo hivyo. Watoto walikuwa wakimwigiza, wanalamba kidole na kufumba macho, na yeye anawafukuza na mwiko.

Stoo ilikuwa chumba kidogo pembeni ya jiko, chenye rafu tatu na mikebe ya kila kabila. Sukari ilikaa kwenye mkebe wa maziwa ya unga uliobonyea ubavuni. Mchele ulikaa kwenye bati la biskuti ambalo kifuniko chake kilicheza. Majani ya chai yalikuwa kwenye chupa ya mraba, unga kwenye ndoo ya rangi iliyokatika mkono, na chumvi kwenye kopo la plastiki lenye shingo nyembamba, rafu ya chini, kulia kabisa. Ilikuwa vurugu tupu. Lakini Mama aliingia humo bila kuwasha taa, akagusa, akatikisa, akatoka na anachotaka kabla hujamaliza kumuuliza anatafuta nini.

Vifuniko vile ndivyo vilivyowakaribisha fukusi. Mama Sabuni alikata shauri: anataka vyombo visivyopitisha hewa, kila kitu ndani yake, na wifi akija apige magoti kuwatafuta hao fukusi mpaka achoke.

Muuza plastiki sokoni alikuwa mtu wa maneno mengi. Alichana kipande cha gazeti, akakitia ndani ya kopo la mraba, akabana vibanio vyake vinne, ta, ta, ta, ta, halafu akalizamisha lote kwenye ndoo ya maji na kulikandamiza kwa mikono miwili.

"Hesabu mpaka hamsini, dada. Gazeti likitoka limelowa, nichukulie duka."

Gazeti lilitoka kavu. Akamwonyesha mpira mweupe uliozunguka ndani ya kifuniko, akamwambia huo ndio roho ya kopo, uoshe na uukaushe, usiuache na mafuta. Akamwambia vya kioo ni vizuri ila vikianguka unalia, na vya kuzungusha kifuniko vinasumbua vikishika sukari. Ya mraba yanakaa kwenye rafu yamebanana, hakuna nafasi inayopotea. Tatizo moja: yanauzwa kwa seti. Kumi na mawili, ukubwa mmoja, rangi moja, seti haivunjwi.

"Mimi nahitaji kumi."

"Basi angalia pale mezani. Masalia ya seti zilizovunjika. Yanabana vilevile, tena kwa bei ya kutupa."

Mama Sabuni aliangalia. Kulikuwa na ya duara, ya pembe sita, marefu ya tambi, mafupi mapana, moja lenye mkono, jingine lenye vifundo vifundo. Alishika hili, akashika lile. Kisha akaliona jicho la wifi likipita juu yake. Atasema tumeokota jalalani, aliwaza. Akayarudisha mezani, akachukua seti.

Alifanya kazi siku nzima. Aliosha makopo, akayaanika juani mpaka yakakauka kabisa, akachekecha unga, akapepeta mchele. Akapanga vya kutumika sana rafu ya juu, sukari, chumvi na chai vikiwa jirani, na akabandika majina kwa herufi kubwa. Mikebe ya zamani aliipa mnunua vyuma chakavu aliyekuwa akipita na mkokoteni, na hakutaka hata shukrani.

Makopo mawili yakabaki matupu. Moja akaliweka kando. Lile jingine, ee Mungu, lile jingine alilitazama akaona dawa ya tatizo lake la siku nyingi. Kostiki, ile soda kali ya kupikia sabuni, ilikuwa ikivuta unyevunyevu kwenye mfuko na kugeuka jiwe. Ilitaka chombo kisichoingiza hewa. Akavaa glavu zake, akaimimina, chenga nyeupe zikateleza zikalia chwaaa kwenye plastiki. Akaandika kwa wino mwekundu: SABUNI, USIGUSE. Uani watoto wanacheza mpira, akaogopa kuiacha huko. Akaiweka stoo, rafu ya chini, kulia kabisa, kwa muda tu, mpaka apate kabati lenye kufuli.

Alimwita Mama aje aone.

"Sukari hii hapa, chumvi ile pale, unga huu," alisema akionyesha kwa kidole. "Na lile lenye maandishi mekundu kule chini ni la sabuni, Mama, usiliguse."

Mama alisimama mlangoni, mkono kwenye mwimo. Alipapasa kopo moja, akapapasa la pili, akarudi kwenye la kwanza. Akanusa kifuniko. Hakikutoa harufu yoyote, na ndivyo kilivyotakiwa kuwa.

"Yanafanana sana," alisema.

"Ndiyo uzuri wake."

Mama aliondoa mkono kwenye kopo. "Nimeona, mwanangu. Mungu akubariki."

Hakuwa ameona kitu. Lakini angesemaje? Binti yake alikuwa anakuja mwisho wa mwezi kutafuta sababu.

Siku ya tatu, kama saa sita mchana, Mama Sabuni alikuwa uani akimimina sabuni kwenye fremu za mbao. Maharage yalikuwa yanatokota ndani, na watoto walikuwa njiani kutoka shule. Alisikia vibanio vikifunguka, ta, ta, ta, ta, akatabasamu. Aliona Mama ameyazoea makopo.

Kisha akasikia mwiko ukianguka sakafuni. Katika miaka yote ile, Mama hakuwahi kuangusha mwiko.

Alimkuta ameshika ukingo wa meza, mdomo wazi, udenda uliochanganyika na damu unamtoka, na kopo mbele yake limefunguliwa. Mama Sabuni alipiga yowe lililotoa majirani wote nje. Alimwinamisha kwenye beseni, akamsukutua maji, na maji, na maji, huku akimwambia tema, Mama, tema, usimeze, lakini Mama alishameza kilichokuwa cha kumezwa. Sufuria ya maharage iliendelea kutokota. Haikuwa imetiwa kitu. Angekuwa mpishi wa kutia kwanza na kuonja baadaye, wale watoto wangekaa mezani nusu saa baadaye na njaa zao za shule.

Hospitali walimpokea wapishi waliowahi kufundishwa naye, wakilia na aproni zao. Daktari alimpitishia mpira puani wa kumlishia. Halafu akammulika macho kwa tochi, kushoto, kulia, akamgeukia Mama Sabuni.

"Huyu mama haoni. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili, ugonjwa umekomaa kabisa. Ni wa miaka mitatu hivi. Nyumbani hamkujua?"

Hawakujua. Mkebe uliobonyea ulijua. Bati la biskuti lenye kifuniko kinachocheza lilijua. Mama Sabuni aliketi kwenye korido akakusanya akili yake, akaona kila kitu kwa mpigo: kwa nini taa ya stoo haikuwashwa, kwa nini fukusi hakuchambuliwa, kwa nini mkono wa Mama ulikwenda rafu ya chini, kulia kabisa. Alilia mpaka muuguzi akamwomba atoke nje.

Wifi alikuja moto, tayari kwa vita. Mama Sabuni hakumpa vita. Alimweleza yote, la mezani kwa muuza plastiki na la kopo la kumi na mbili, hakujificha nyuma ya neno lolote. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, na mabega yakamshuka.

"Ni mimi," alisema. "Fukusi mmoja, na mimi nikafungua mdomo."

Walikaa hivyo, wanawake wawili wasiopendana, wameshikana mikono.

Mama alitoka hospitali wiki ya saba. Alimeza uji mwepesi kwa shida, na sauti yake ilibaki mnong'ono wa kukwaruza. Madaktari walisema macho yangeweza kupasuliwa baadaye, akipata nguvu. Kesho yake wifi alikuja na gari lake, lakini alisimama mlangoni, hakufunua sufuria hata moja.

"Nilisema nitamchukua. Sasa nasema Mama mwenyewe achague. Akitaka kubaki hapa, abaki, wifi yangu, na mimi nitakuwa nakuja kusaidia."

Moyo wa Mama Sabuni uliruka. Kwa wiki saba alikuwa amejiandaa kunyang'anywa, na hakujiandaa kwa hili. Alimshika Mama mkono, akampeleka stoo haraka kama mtoto anayeonyesha daftari lake. Ile seti yote ilikuwa imeondoka. Alikuwa amerudi kwenye meza ya masalia, akanunua kila umbo: la duara, la pembe sita, lenye mkono, lenye vifundo. Kostiki ilikuwa uani, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo shingoni mwake.

"Gusa, Mama. Hakuna linalofanana na mwenzake. Na chumvi iko pale pale pake."

Mama aliuachia mkono wake akaingia peke yake. Alipapasa rafu polepole, na kila kopo alipolitambua midomo yake yenye makovu ilitaja jina bila sauti. Akainama chini, kulia kabisa. Akalipata kopo la duara. Akafungua, akachovya kidole, akakiweka ulimini, akafumba macho.

Alisubiri.

Akachovya tena. Mara ya tatu alichota kwa vidole vitatu, akatia mdomoni yote, kiasi ambacho mtu mzima angekitema palepale. Uso wake haukubadilika.

"Ni chumvi hii?" alinong'ona.

Mama Sabuni angedanganya nini, na kwa faida ya nani?

"Ni chumvi, Mama."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alirudisha kifuniko, akakikandamiza mpaka kikabana vizuri, akalirudisha kopo mahali pake. Kisha akavua aproni aliyokuwa ameshaivaa asubuhi ile bila kuambiwa na mtu, akaikunja mara mbili, akamkabidhi mkaza mwanawe.

"Nifungie mizigo yangu, mwanangu."

"Mama, hakuna anayekufukuza! Wifi amesema—"

"Nimesikia alichosema."

Alitoka stoo. Katikati ya jiko, katika nyumba ambayo kwa miaka mitatu alitembea gizani bila kugonga hata kiti, alisimama akanyoosha mkono mbele, kuomba mtu wa kumwongoza hadi mlangoni. Wifi ndiye aliyekuwa karibu, akaushika.