Labda Mbili

Simu ya kwanza ilipokuja Badria alikuwa akichagua mchele. Shemeji yake, Hadi, aliingia hadi ukumbini na viatu miguuni, jambo asilolifanya kamwe, akamwambia wanaitwa Shimanzi, karibu na bandari, kwenye ofisi ya wakala aliyempeleka Ziad melini. Badria akauliza kuna nini. Hadi akasema hajui. Kisha akasema, "Vaa buibui twende." Mchele ukabaki kwenye sinia, nusu umechaguliwa na nusu bado.

Ziad alikuwa mumewe Badria na ndugu mdogo wa Hadi, fundi wa chumba cha injini katika meli ya mizigo. Tangu waoane alikuwa akiondoka kwa karibu mwaka mzima na kurudi kwa miezi michache, na Badria alishazoea kuwa mke wa mtu aliye kwenye simu. Alizijua saa zake za kazi kuliko alivyomjua mwenyewe akiwa nyumbani, maana nyumbani alilala sana.

Ofisi ya wakala ilikuwa ghorofani, juu ya ghala la simenti. Kila lori lililopita chini lilitikisa glasi za maji mezani. Arnold, kijana wa bara aliyekuwa akishughulikia mabaharia wote wa wakala yule, aliwakalisha, akaiweka simu katikati ya meza na kuifungulia sauti. Mtu wa kampuni ya meli alizungumza Kiingereza kutoka nchi ya mbali, polepole, kama mtu anayesoma. Arnold alifasiri. Ziad hakuonekana kwenye chai ya asubuhi. Wamemtafuta meli nzima, kuanzia kwenye injini hadi juu, hayumo.

"Wanasema labda ameanguka majini, dada," Arnold alisema. "Labda. Bado wanachunguza."

"Labda," Hadi akarudia.

"Ndiyo. Labda."

Badria aliinua glasi akanywa maji. Alikuwa akingoja kitu kimpande kifuani, na hakikupanda. Aliona kwamba Arnold ana kifungo cha shati kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Nyumbani, Mji wa Kale, watu wakaanza kuja. Wanawake walijaa ukumbini na hakuna aliyejua aseme nini. Kama Ziad kafa, ilipasa waseme Inna lillahi. Kama hajafa, kusema hivyo ni kumwapiza. Basi walisema Mungu ni mkubwa, wakasema Mungu hamtupi mja wake, wakaleta sambusa na vyungu vya mchuzi. Jirani mmoja alianza kulia na mwenziwe akamfinya paja. Walimtazama Badria wapate kujua wafanye nini, naye akawatazama wao.

Siku zikaenda hivyo. Alinunua umeme ulipokwisha. Alikula chakula kilipowekwa mbele yake. Hadi alikuja kila jioni, akaketi, akauliza kuna habari, ilhali habari zote zilipitia kwake yeye. Badria akajibu hakuna. Usiku alilala vizuri, na hilo ndilo lililomtia hofu kidogo, ila hata hofu yenyewe ilikuwa kama ya mtu mwingine aliyesimuliwa.

Wiki ya tatu wakaitwa tena Shimanzi. Meza ile ile, sauti ile ile. Mtu wa kampuni alisema maneno machache tu safari hii.

"Wanasema labda alianguka majini," Arnold akafasiri, macho kwenye simu.

Hadi akawaka. "Labda ile ile? Mwatutoa nyumbani kuja kutwambia labda ile ile?"

Lakini Badria alikuwa amesikia kitu. Kiingereza kilimshinda shuleni, ila masikio yake yalikuwa mazima. Mara ya kwanza yule mtu alisema *might have*. Alilikumbuka neno lile kwa sababu alilirudia mara nyingi, kila akitaja jina la Ziad alilitia na neno lile. Leo hakulitaja hata mara moja. Leo alisema *must have*. Maneno mawili, na Arnold kayapa labda moja.

Wakarudi kwa tuktuk wakipitia Bondeni, Hadi akisonya njia nzima.

Alasiri ile Sheikh Abdulbasit akaja kuwajulia hali. Yeye ndiye aliyewaozesha Badria na Ziad. Alikuwa na mafua, na kila baada ya maneno machache alijipangusa pua kwa leso, akiomba radhi. Hadi alimsimulia safari ya Shimanzi kwa hasira. Sheikh akasikiliza hadi mwisho.

"Mimi nataka neno lenyewe walilolisema," akasema. "Wamesema kwa yakini? Wamesema kwa dhana? Au ni shaka tupu? Haya si kitu kimoja, Hadi. Nikienda kwa kadhi niende na nini? Kwa labda siwezi kumkalisha Badria eda ya mjane. Na kwa labda hiyo hiyo siwezi kumwambia yeye bado ni mke wa mtu, akae angoje mpaka nywele ziwe nyeupe."

"Nipe siku mbili tatu, sheikh," Badria akasema. Wote wawili wakageuka. Tangu jambo lile litokee hakuwa ameomba kitu.

Chumba cha juu cha nyumba ile alikipanga Mwalimu Awiti, mwanamke wa Kisumu aliyekuwa akisomesha Kiingereza katika shule ya sekondari. Alikuwa jirani mwema, wa salamu na sahani za sikukuu, lakini hawakuwahi kuketi pamoja kwa muda mrefu. Badria alimkuta akisahihisha madaftari, kalamu nyekundu mkononi.

"Mwalimu, *might have* na *must have* ni kitu kimoja?"

Awiti alicheka kidogo. "Kwani wataka kurudi shule, dada?"

"La. Ni habari ya Ziad."

Awiti akaiweka kalamu chini. Akamsogezea kiti, akayaondoa madaftari mezani yote.

"Haya," akasema. "Umeamka asubuhi, umefungua dirisha, umeona kichochoro kimelowa. Usiku ulilala, hukusikia chochote. Ukisema *it might have rained*, maana yake huenda mvua ilinyesha. Huenda pia mtu kamwaga maji. Hujui. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa tazama mbali zaidi. Mapaa yote yanatiririka, mitaro imejaa, nguo za watu kambani zimelowa mtaa mzima. Mvua yenyewe hukuiona, lakini hakuna njia nyingine. Hapo ndipo utasema *it must have rained*. Bila shaka ilinyesha."

"Lakini hukuona."

"Hukuona. Aliyeona hasemi hivyo. Aliyeona husema tu mvua ilinyesha, basi."

Badria aliyapitisha maneno yale kichwani. "Basi si labda."

"Si labda," Awiti akasema, na sauti yake ikashuka. "Dada Badria, pole sana."

"Endelea."

"Niendelee na nini?"

"Yaliyobaki. Yale yote ya jambo lililokwisha kupita. Nataka kuzungumza na nahodha mwenyewe, na sitaki Arnold anifasirie."

Awiti akamfundisha. *Could have*: iliwezekana, nafasi ilikuwepo. *Couldn't have*: haikuwezekana, hata ufikirie vipi. Badria aliyarudia kwa sauti, akiyumba kidogo mbele na nyuma kama alivyofundishwa kusoma Kurani chuoni utotoni. Awiti alimtolea mifano ya mtu aliyekosa gari na mtu aliyesahau funguo. Badria akaigeuza yote kuwa ya mtu aliyeanguka melini. Alifanya hivyo bila kutua, kama anayehamisha mchele kutoka chombo hiki hadi kile, na mwalimu akamwacha.

"Na lile la *should have*?"

Awiti alisita. "Hilo la nini?"

"Nifunze."

"Ilipasa kufanywa, na haikufanywa. Ukilisikia hilo, ujue jambo halikufanywa."

Chini, muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe. Awiti akamtazama usoni. "Umelia, dada?"

"Bado," Badria akajibu, kama aliyeulizwa kama ameshakula.

Ilichukua siku kadhaa nahodha kupatikana. Arnold hakupenda, ila hakukataa. Walipoketi, aliifungulia simu sauti na kusema atafasiri pole pole. Badria akamwambia asubiri kwanza.

Sauti ya nahodha ilikuwa ya mtu mzima, imechoka, na nyuma yake kulikuwa na mngurumo usiokatika. Badria akamwuliza kwa Kiingereza chake cha kukariri kama kuna mtu aliyemwona Ziad akianguka. Nahodha akasema hapana, hakuna. Alikula chakula cha jioni na wenziwe, akatoka kupunga upepo. Asubuhi waliona ndara zake karibu na ukingo wa meli, mahali pa chini ambapo mawimbi hufika bahari ikichafuka, na usiku ule ilichafuka. Meli ilikuwa mbali na nchi kavu, na hakuna chombo kilichopita. *He must have fallen*, akasema. Badria akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba yule mtu anamwona.

Akauliza lile la pili, kama Ziad aliweza kuishi majini. Nahodha akajibu kuwa maji yalikuwa baridi sana. *He couldn't have lived long.* Hakuweza kuishi, walau si kwa muda mrefu. Badria akalishika neno lile, muda mrefu.

"*Could you have gone back?*" akauliza.

Mngurumo uliendelea peke yake. Badria akadhani nahodha ameiacha simu. Arnold alikuwa ameinamisha kichwa, Hadi akimtazama huyu na yule.

"*We could have*," nahodha akasema. Akaongeza mambo ya bandari iliyokuwa ikiwangoja na zamu ya kutia nanga, na amri iliyotoka ofisini kwao. Badria hakuyaelewa yote. Alimngoja amalize.

"*You should have gone back?*"

Safari hii nahodha hakukawia. "*Yes, madam. We should have.*"

"Kasema nini?" Hadi akauliza. "Arnold, kasema nini?"

Arnold akalamba midomo. "Anasema labda—"

"Usifasiri," Badria alisema. Akamgeukia shemejiye. "Wangeweza kurudi kumtafuta. Iliwapasa warudi. Hawakurudi."

Hadi alisimama hata kiti kikaanguka. Alitukana kwa Kiarabu, akapiga ukuta kwa kiganja, akaenda dirishani na kusimama kuwapa mgongo, mabega yakitikisika. Badria alibaki ameketi. Kwa kuwa shuleni waliambiwa mazungumzo hayamaliziki bila shukrani, alisema *thank you* kwenye simu, na nahodha akasema kitu ambacho hakukisikia vizuri.

Arnold aliwasindikiza hadi ngazini. Hadi alikuwa ameshashuka. "Dada Badria," kijana akasema, "ile siku ya pili mimi nilielewa alichosema. Nilitaka kukwambia, nikashindwa. Ulikuwa unanitazama."

"Ndiyo," Badria akasema. "Nilikuwa nakutazama." Akashika kikingio cha ngazi akashuka. Hakuwa na hasira naye. Alijaribu kuitafuta hasira akiwa njiani, akaona hata kwa nahodha hana. Alijua tu kwamba inapasa iwepo.

Sheikh Abdulbasit alipokuja, mafua yamempungua, Badria alimjibu mwenyewe. "Hakuna aliyeona, sheikh, kwa hivyo si yakini. Lakini shaka haipo tena. Ni dhana iliyoshinda, ile inayokaribia yakini." Akamweleza habari ya ndara, na bahari, na baridi ya maji. Sheikh alifumba macho, midomo ikimcheza kwa dua. Siku ya pili yeye na Hadi wakaenda kwa kadhi. Kadhi hakuharakisha. Alitaka kumsikia nahodha kwa masikio yake, akamsikia na baharia mwingine, akawarudisha nyumbani, akawaita tena. Hatimaye akahukumu kwamba Ziad amekufa.

Habari ilipofika, nyumba ililipuka. Wanawake waliokuwa wakijibana tangu siku ya kwanza waliachia sauti zao zote pamoja, mtaa ukasikia, wengine wakaja wakikimbia. Badria alivua bangili na pete akampa shangaziye amwekee. Akakaa juu ya mkeka, upande wa ukutani, eda yake ikaanza.

Hadi alimwambia amepata wakili, na kwamba kampuni ile haitasalimika. Alimwuliza kama atakubali kueleza alichoambiwa na nahodha. Badria akasema eda ikiisha atakwenda popote atakapoitwa, atalisema neno kwa neno.

Awiti alikuja baada ya kazi, kichwa amekifunika kwa mtandio wa kuazima. Hakujua desturi. Alisimama mlangoni akitazama wenziwe wanavyofanya, akapita katikati ya magoti ya watu, akapiga magoti mbele ya Badria. Akafungua mdomo kusema pole, na badala yake akaanza kulia, kwikwi kubwa za mtu asiyezoea kulia mbele ya watu. Alisema kitu kwa lugha ya kwao. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekufundisha."

Badria akamvuta, akakilaza kichwa chake begani mwake. Akampigapiga mgongo kama anayembembeleza mtoto alale, akachukua ncha ya kanga yake akampangusa uso.

"Pole, mwalimu," akamwambia. "Pole. Nyamaza."

Mtu akauliza kutoka jikoni sukari imewekwa wapi. Badria akainua kichwa, akajibu kwamba iko kwenye kabati la juu, nyuma ya majani ya chai.