Ukuta wa Mwaka Jana

Mama Kuni alipiga magoti mbele ya jiko, akafungua mlango wa kioo, akaweka kiganja juu ya majivu. Bado yalikuwa na uvuguvugu. Ya juu aliyachota kwa sepetu, akayatia kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko. Ya chini aliyaacha yametandaa kama godoro jembamba, maana moto mpya hupenda kulalia majivu ya moto uliopita. Kisha alilowesha kipande cha gazeti, akakichovya kwenye majivu yaleyale, akasugua kioo taratibu mpaka weusi ukatoka.

"Leo unakisugua kama uso wa bwana harusi," alisema Bibi Soksi kutoka kitandani kwake. Sindano zake za kufumia hazikutulia hata alipokuwa akiongea. Soksi za kila mtu katika nyumba ile zilitoka mikononi mwake, na hapakuwa na jozi iliyolingana.

"Wageni wanakuja, bibi."

"Wageni wetu au wa ofisini?"

"Wa ofisini."

"Basi jisumbue tu. Huku hawafiki."

Ilikuwa nyumba ya kutunzia wazee wasio na mtu. Chumba chao kilikuwa kirefu, vitanda vimepangwa huku na huku, na mwisho wa chumba palikuwa na meko ya mawe ya zamani. Ndani ya meko hayo ndimo lilimochomekwa jiko la chuma, likaunganishwa na dohani kwa bomba. Zamani, moto ulipowaka wazi, joto lote lilipanda juu na kwenda kupasha mbingu, wazee wakabaki na mwanga tu. Tangu jiko lichomekwe, kuni chache zilitosha kukipasha chumba chote. Ila lilikuwa na sharti lake: lilitaka kuni kavu.

Kitanda kilichokuwa karibu na jiko kilikuwa cha Fundi Saa. Hakuna aliyeamua hivyo. Msimu mmoja wa baridi, wenzake walimwona anavyohangaika na kifua, wakainuka bila kusemezana, wakakisukuma kitanda chake mpaka pale. Hata yule mzee aliyehamishwa pembeni, karibu na dirisha linalopitisha upepo, hajawahi kulitaja jambo hilo. Fundi Saa alikuwa ametengeneza saa za watu maisha yake yote, na sasa alisema kifua chake kimekuwa saa mbovu, kinagonga kabla ya wakati.

Mama Kuni alipanga kuni nene chini, nyembamba juu yake, na vibanzi juu kabisa. Akavuta kipini cha hewa mpaka mwisho, kisha akawasha kwa juu, ili moto uteremke wenyewe na moshi wake uungue njiani.

"Mpe pumzi kwanza," alisema Fundi Saa, kama alivyosema kila asubuhi.

"Nampa, baba."

"Usimbane mapema."

"Simbani. Anayenibana ni wewe."

Mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi kidogo, kisha kikapita. Moto ulishika. Kioo kilikuwa safi na ndimi za moto zilionekana zote. Mzee alizitazama kama mtu anavyomtazama mgeni wake mwenyewe.

Kuni hizo Mama Kuni alizitoa bandani, nyuma ya jiko la kupikia. Humo mlikuwa na marundo mawili yaliyopangwa kama kuta. Ukuta wa mwaka jana aliupasua yeye na mlinzi wakati wa jua kali, wakaupanga kwa nafasi ili upepo upite, wakaufunika juu kwa mabati na kuacha ubavu wazi. Jua lilikuwa limezikausha, upepo umezimalizia. Ukigonga mbili pamoja zililia, sauti kavu na safi. Ukuta wa mwaka huu ulikuwa kuni mbichi. Bei ilikuwa imepanda, na mwenye kuni wa zamani aligoma kuleta nyingine kwa sababu ofisi ilikuwa haijamlipa za kwanza. Lori la bei nafuu lilikuja limechelewa, likamwaga magogo ambayo mengine yalikuwa bado na majani.

Alijua kuni mbichi zinafanya nini. Miaka ya nyuma, kabla hajajifunza kuweka akiba ya mwaka mzima, walichoma mbichi msimu wote. Dohani ilijaa masizi ya kunata kama lami, moshi ukarudi chumbani, na Fundi Saa akatolewa kwa machela. Hospitalini walimwambia mlinzi aliyemsindikiza kwamba mzee akivuta moshi namna hiyo mara nyingine, wasihangaike kumpeleka. Tangu hapo Mama Kuni aliapa kwamba kuni haziingii jikoni mle bila kupigwa na jua la mwaka mzima. Msimu wa baridi ndio kwanza ulikuwa umeingia. Ukuta wa mwaka jana ungetosha mpaka msimu uishe.

Alikuwa bado anapangusa mikono kwenye aproni msimamizi alipoingia, tai imepinda. Alikuwa kijana mpole. Siku za baridi alivaa soksi za Bibi Soksi, moja ya kijani na moja ya kahawia, na hakuzificha.

"Shikamoo, mama. Mmeamkaje, wazee wangu?"

"Tumeamka," alisema Bibi Soksi. "Hiyo tai nani kakufunga, adui yako?"

Alijichekea, akainyoosha. Kisha akamvuta Mama Kuni pembeni. "Mama, nataka tuwashe moto ukumbini."

"Meko ya ukumbini hayana jiko, mwanangu. Yako wazi. Hayo hayachomi kuni, yanazimeza."

"Najua. Lakini wanakaa kwenye kikao mchana kutwa, na ombi letu la kuni na la paa ndilo wanalokuja kuamua. Wakitetemeka watataka kuondoka haraka." Akashusha sauti. "Za wazee sizigusi. Nachukua zile mbichi."

Ilikuwa haki, naye alikubali.

Haikupita muda akarudi anakimbia. Macho yalikuwa mekundu. "Mama, ukumbi wote ni moshi! Wameshapiga simu, wako njiani."

Mama Kuni alimfuata. Mekoni magogo mabichi yalikuwa yakitoa povu kwenye ncha zake na kuzomea, na moshi mzito ulikuwa ukishuka badala ya kupanda. Mpishi alikuwa akipunga trei hewani. Mlinzi alikuwa amefungua madirisha yote na bado haikusaidia.

Hapo ndipo alipokosea, na baadaye alilijua kosa hilo kwa mahali pake, kama mtu anavyojua jino linalouma. Moto unaofuka ulimkera. Alikuwa amewasha moto tangu msichana, na hakuweza kusimama mbele ya moto uliowashwa vibaya akaiweka mikono mfukoni. Tena alimhurumia yule kijana.

"Toeni hayo," alisema. "Mlinzi, lete kuni za ukuta wa mwaka jana. Kidogo tu, za kuiamsha dohani."

Mlinzi alimtazama. "Za wazee, mama?"

"Kidogo, nimesema."

Kuni kavu zilipoingia, moto ulisimama wima mara moja, moshi ukageuka na kupanda. Mpishi alipiga makofi. Msimamizi alimshika Mama Kuni mikono miwili. "Mungu akuzidishie, mama." Naye, kwa kweli, alijisikia vizuri.

Wageni walichelewa. Meko yalimeza, na moto ulipoanza kulegea mlinzi alikuja na toroli kuomba tena. Alitoa. Wakachelewa zaidi. Akaja tena, hakuthubutu kumtazama usoni.

"Mama, wanasema…"

"Nimesikia. Chukua."

Angeweza kukataa. Ufunguo wa banda ulikuwa kwenye mfuko wa aproni yake. Lakini kila toroli ilionekana kuwa ya mwisho, na ukishatoa nyingi unaona vibaya kunyima kidogo kilichobaki cha kukamilisha. Moto ukizima sasa, aliwaza, zilizokwenda zitakuwa zimekwenda bure. Ombi likikubaliwa, litaletwa lori la kuni kavu, na dunia itakaa sawa. Basi mchana kutwa alifungua banda, akafunga, akafungua, toroli baada ya toroli.

Wageni walifika wakati wa chai ya jioni, magari mawili. Mama Kuni aliingia ukumbini na mzigo wa kuni mikononi, akasimama karibu na mlango asiwakatize. Mwenyekiti wao alikuwa mtu mnene mwenye uso wa furaha. Alikuwa ameyapa meko mgongo, akiinua koti nyuma ili joto limfikie.

"Kumbe hapa mnaishi!" alisema, na wenzake wakacheka. "Kule makao makuu tunavaa makoti ofisini. Ningejua ningekuja na mto wangu."

"Karibu sana, mheshimiwa," alisema msimamizi. "Kuhusu lile ombi letu la kuni…"

"Ndiyo, ndiyo. Nimeliona." Mwenyekiti aligeuka, akaukunjulia moto viganja. "Lakini ndugu yangu, wewe mwenyewe tazama. Tumetoka kituo ambacho hawana hata ukuni mmoja. Ninyi mnao moto kama wa hotelini. Tutawapa wale kwanza. La kwenu tulisogeze mwakani, au siyo?"

Wenzake walitikisa vichwa. Mmoja aliandika.

"Mheshimiwa, huu moto…" alianza msimamizi.

"Mzuri sana!" alisema mwenyekiti, na hakuwa akimkejeli. Alikuwa na moyo mzuri, na ilionekana. Alimwona Mama Kuni na mzigo wake. "Mama, leta, leta. Usiogope, hatuli watu."

Mama Kuni alipeleka kuni zile mekoni. Hakukumbuka kitu kingine cha kufanya nazo.

Alipokwenda bandani alikuta mahali pa ukuta wa mwaka jana pamebaki magome ya miti, na mstari kwenye udongo ulioonyesha ulikoanzia na ulikoishia. Ukuta wa mwaka huu ulikuwa umesimama mzima, ukitoa unyevu. Laiti angesema hapana mara ya kwanza. Laiti angeuacha ukumbi ujae moshi, wageni wakatoka wanafuta machozi, wakajua. Kumbe moshi ule ndio ulikuwa maombezi yao, naye aliufukuza kwa mikono yake.

Kule chumbani kwa wazee moto ulikuwa umebaki makaa machache. Alichagua mbichi nyembamba zaidi, akazipasua tena, akaziweka. Zilizomea. Kioo alichokisugua asubuhi kikaanza kufifia pembeni, kisha katikati. Fundi Saa alikohoa, akageukia ukutani ili wasione anavyokohoa.

"Mwanangu," alisema Bibi Soksi, na safari hii sindano zilikuwa zimetulia. "Hizo siyo zetu."

"Siyo zenu, bibi."

Bibi Soksi aliinuka polepole, akaenda kumfunika Fundi Saa kwa blanketi lake mwenyewe.

Mama Kuni alizitoa zile mbichi kwa koleo, akaziweka nje juu ya jiwe. Akachukua ndoo ya chuma, sepetu na koleo, akavuka ua mpaka ukumbini. Hakubisha hodi. Wageni walikuwa wanamalizia chai. Alipita kati yao, akapiga magoti mbele ya meko, akaanza kutoa moto. Aliokota gogo lililoungua nusu, akalitia ndooni. Akaokota jingine. Alichota makaa mekundu, sepetu baada ya sepetu, mpaka mazungumzo yakakatika.

"Mama, unafanya nini?" aliuliza mmoja wa wageni.

"Moto huu una wenyewe," alijibu bila kugeuka. "Naurudisha."

Kisha mwenyekiti akacheka kwa wema uleule. "Mnaona nidhamu hiyo? Wageni hatujaondoka, usafi umeshaanza. Hii nyumba ina watu." Wakainuka, wakaanza kutafuta makoti yao.

Ndoo ilikuwa nzito na mpini ulichoma. Alipoufikia mlango, msimamizi alikuwa ameshautangulia, ameushika wazi. Uso wake ulikuwa umemshuka. Alivua koti lake zuri la kikao, akalizungushia mpini, akashika upande mmoja. Walivuka ua pamoja, magari yakiwashwa nyuma yao.

Makaa yaliingia jikoni, na magogo yaliyobaki juu yake. Mama Kuni alivuta kipini cha hewa mpaka mwisho. Kwa muda kioo kiling'aa tena pembeni. Msimamizi alikaa kwenye ncha ya kitanda cha Fundi Saa, koti lililoungua likiwa mapajani, anatazama soksi zake mbili.

"Samahani, wazee wangu," alisema.

"Lete hilo koti nilitazame," alisema Bibi Soksi. "Nitakufumia kiraka. Rangi usiniulize."

Mama Kuni aliingiza kuni mbichi, akazipanga sakafuni kuzunguka jiko zikauke, mbali kidogo zisishike moto, kila moja imesimama peke yake. Zilikuwa nyingi, na joto lilikuwa dogo. Aliokota mbili, akazigonga moja kwa nyingine kama alivyozoea, ingawa jibu alilijua. Zilitoa mlio wa tope.

Fundi Saa aligeuza kichwa. Maisha yake yote alikuwa amesikiliza vitu vidogo.

"Zinasemaje?" aliuliza.

"Zinasema tungoje jua, baba."

Mzee alitazama dirisha, ukungu wa baridi umekwisha kulifunika lote, kisha akatazama moto.

"Basi usimbane," alisema.