Sinia la Kobe

Mambo ya kompyuta niulizeni mimi. Nayajua yote, kuanzia kitufe cha kuwashia mpaka kitufe cha kuzimia. Na juzi tu ndipo nilipoambiwa kwamba ni kitufe kimoja. Kwa hiyo haya ya Kobe na shemeji yake yapokeeni kama mnavyopokea maneno ya vikongwe: kwa adabu, huku mkitazamana.

"Toa mguu wako kwenye kiti changu," shemeji mtu alisema.

"Kiti ni cha ofisi, shemeji."

"Na ofisi ni ya nani?"

Kobe akatoa mguu. Hata hilo jina la Kobe alipewa na huyo huyo kaka wa mkewe, mbele ya wateja, na wateja wakalipenda kuliko alilopewa na mama yake.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Humo waliunda kompyuta za zahanati, zile ambazo muuguzi huandikia uzito wa mtoto na dawa aliyopewa. Tatizo, kila muuguzi akihifadhi faili, mashine iliganda. Mtoto analia, foleni inanuna. Ugonjwa ulikuwa kwenye kiini cha mfumo, kule ndani kabisa kunakotoka amri zote, na huko ndiko Kobe alikozama tangu mvua zianze mpaka zikakatika.

Iko hivi. Mashine haiandiki moja kwa moja kwenye diski. Huweka kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ikamwambia muuguzi "tayari", kisha ikipata nafasi ndipo huhamishia diskini. Mnamjua mtoto anayesema "nimeshaosha vyombo", na vyombo bado vinaelea kwenye beseni? Ndiyo hiyo. Si ubaya, ataviosha. Mradi mama asitokee mapema. Sasa ule mtindo wa zamani ulibeba chombo kimoja kimoja: fungua kufuli, weka kisahani, funga, fungua tena, weka kijiko, funga. Kobe akautengenezea sinia. Kufuli moja, mzigo mmoja, twende.

Na ilikwenda! Asubuhi ile shemeji mtu aliona faili limehifadhiwa kabla hajainua kidole. Akakunja uso kama mtu aliyekuta mti wa jirani umezaa kuliko wake.

"Haraka haraka haina baraka," alisema.

"Si wewe uliyeniita Kobe? Leo nakwenda mbio, unaumwa?"

"Mwizi naye huenda mbio."

"Mkitaka kupigana tokeni nje," alisema mke wa mmoja na dada wa mwingine, aliyekuwa mezani kwake akifunga maboksi kwa gundi ya karatasi. "Ukuta huu nimeupaka rangi kwa fedha yangu." Kisha akaguna. "Ingawa yule fundi rangi Mungu anamwona. Mvivu! Hakusogeza kitu. Kalenda kaizungushia, msumari kaupaka, na mende alikuwa anajipitia zake, naye kapakwa."

Kweli, mende alikuwa pale juu ya mlango, mweupe kama bibi harusi.

Shemeji mtu hakucheka. "Umeikatia umeme?"

Hapo ndipo palipokuwa penyewe. Huko zahanati umeme hukatika bila kupiga hodi. Mashine ikizimika wakati sinia liko njiani, faili linaweza kubaki nusu, au likachanganyika na mabaki ya faili jingine, mtoto wa huyu akapewa dozi ya mtoto wa yule. Kipimo chake ni kimoja: ianzishe kuandika, chomoa waya ukutani katikati ya kazi, iwashe, tazama kilichosalia. Rudia mpaka uchukie.

Chini lori lilikuwa likisubiri maboksi. Likiondoka na kazi ya Kobe, yeye ndiye fundi mkuu. Shemeji mtu alikwisha kuapa mbele ya dada yake. Likiondoka bila hiyo, Kobe anarudi kibarazani kubandika vioo vya simu.

"Nimeikatia," Kobe alisema.

"Mashine ipi?"

"Ile ya pale kona. Pale pale ukutani, kwa mkono huu."

"Mara ngapi?"

"Mimi usiniulize, liulize hili." Akainua dole gumba. "Limeota sugu kwa kuchomoa. Hata leo nimechomoa, wewe bado unakoroma."

"Mwache mume wangu apumue, kaka," mke alisema. "Chakula changu kinapoa kila siku kwa ajili ya hiyo plagi."

"Basi nami nichomoe mara moja, nipate sugu ya kwangu. Haya, anzisha."

Kobe akasita, akaanzisha. Majina ya watoto wa kubuni yakaanza kuteremka kwenye kioo. Shemeji mtu akachutama nyuma ya meza, kitambi kikimgombeza, akaishika plagi, akavuta.

Haikuja.

"Mbona ngumu?"

"Vuta taratibu, shemeji. Au acha, nitavuta mimi."

Shemeji mtu akaegemeza mguu ukutani, akavuta kwa chuki yote aliyokuwa nayo. Pakalia *kwaruu*, kama plasta inayobanduliwa kwenye mguu wenye manyoya. Plagi ikatoka na sketi nzima ya rangi nyeupe. Ukutani, kuzunguka matundu, pakabaki doa la kijani, rangi ya zamani, safi, isiyoguswa. Kioo kikazima.

Mke akaja na gundi yake mkononi. Akainama. Akaligusa lile doa la kijani kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima joto la uji.

"Fundi rangi aliondoka hapa mwezi uliopita," alisema polepole. Hakumtazama kaka yake. "Mume wangu. Leo umechomoa nini?"

Kobe akalificha dole gumba ndani ya ngumi.

"Iwashe," mke alisema. "Tuone kilichosalia."

Shemeji mtu akajaribu kuichomeka, ikagoma kuingia. Ile sketi ya rangi ilikuwa imejikunja juu ya meno ya plagi. Akaitupa miguuni kwa Kobe.

Chini lori likapiga honi. Kobe akapiga magoti, akaanza kubandua ganda la rangi, kipande kwa kipande, kwa lile dole gumba lake, laini kama la mtoto mchanga.