Stadi Mbili za Pijo

"Hivi Zulekha, hujasikia asemayo Twahir juu ya marehemu?" Kadzo wa nyumba ya pili alimwuliza hivyo dirishani, siku ya arubaini ya eda yake.

Hakuwa amesikia. Twahir, aliyefunzwa ufundi wa magari na mumewe Abdulkadir papo hapo uani, Ukunda, alikuwa akieneza kwamba Pijo nyeupe ya marehemu, gari iliyobeba maharusi tangu Diani hadi Msambweni, ilikuwa imeoza ndani. Stadi mbili, zile fimbo za chuma zinazokaza kichwa cha injini, zililiwa na kutu miaka na miaka, na Abdulkadir akijua. Watu wakaamini. Hata msikitini jina lake likaanza kutajwa kwa miguno.

Lakini Zulekha alikuwa ameona. Mwanamke aliye edani hatoki, ila pazia lina upenyo. Wiki moja kabla, shemeji zake walimwita Twahir aitengeneze gari ile, naye akang'oa stadi za zamani, zilizokuwa nzima bado, akatia mpya za ovyo, akazikaza kwa spana aliyoichomekea bomba kuongeza nguvu, mpaka mbili zikakatika. Akatazama huku na huku. Akafunika boneti.

Zulekha alinyamaza. Alitimiza miezi minne na siku kumi, akaswali, akamwomba Mola ampe moyo wa kusamehe. Hakupewa, naye hakuomba mara ya pili.

Ndipo akaja Abdulaziz, mwenye magari ya harusi kule Diani, ambaye kazi zake zote alimpa Twahir. Aliitaka Pijo. Zulekha akamwambia ataipata, mradi vipande vilivyovunjikia ndani avitoe Twahir kwa mkono wake, mbele yao.

Twahir alifika Jumamosi asubuhi, pamoja na Abdulaziz.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fanya polepole."

Akakishusha kichwa cha injini, akachomelea nati juu ya kila kipande, akangoja kipoe, akazungusha. Cha kwanza kilipotoka alikitia mfukoni.

"Hicho nipe mimi," alisema Zulekha, wala hakuinuka kitini.

Vyote viwili aliviweka juu ya leso. Vilikuwa vinang'aa, havina hata doa. Alimpa Abdulaziz, akamwuliza kwa adabu kutu iko wapi. Kisha akamsimulia lile bomba, na zile stadi za zamani zilivyotoka zikiwa nzima.

Abdulaziz alivigeuzageuza. "Na wanangu hupanda magari unayoyakaza wewe," akamwambia Twahir. "Funguo za magari yangu ziache kwa bawabu wangu leo."

Twahir akapiga magoti mbele ya Zulekha. "Nisitiri, mama. Nina jina, nina watoto."

"Abdulkadir naye alikuwa na jina, na ulilichafua akiwa kaburini, hawezi kukujibu. Ijumaa utasimama msikitini useme mwenyewe. Usiposema, nitasema mimi, mlango kwa mlango, nikianzia kwa mkweo."

Twahir alimtazama, labda akingoja chozi. Zulekha alikuwa akivifunga vile vipande ndani ya leso, fundo juu ya fundo. Twahir akainuka, akaziacha spana zake pale chini, akatoka.